Jambo ya Florida na kibao cha shuleni

Mimi niko nyumbani Mbesa, huku Ruvuma. TP imeisha, chuo hakijafunguliwa, bumu limekata zamani, na matokeo ya semista ya pili ndiyo yale ya kuombeana. Kwa hiyo muda wa kufikiri upo mwingi kuliko hela. Leo nataka tuongelee jambo ambalo limewasha moto kwenye grupu letu la WhatsApp wiki nzima: wale ndugu zetu wanaoenda likizo nje kutembelea zile bustani kubwa za burudani, za kina Disney, na kile wanachokikuta huko.

Chanzo ni picha. Mwenzetu mmoja wa darasa ana dada yake anaishi Marekani, na likizo iliyopita aliwapeleka watoto Florida. Akatuma picha kama ishirini. Basi watu wakategemea kuona Mickey Mouse na makasri ya rangi rangi. Wapi! Picha zimejaa Kiswahili. Kibao cha Harambe. Kibao cha Kilimanjaro. Duka la Mombasa. Hoteli inaitwa Jambo House. Mgahawa unaitwa Boma, mwingine Jiko, mwingine Sanaa. Bwawa la kuogelea linaitwa Uzima. Mtu akauliza kwenye grupu, "Hii ni Florida au Tanga?"

Hapo ndipo grupu likagawanyika. Kundi la kwanza: wametuibia lugha, wanapiga hela na sisi hatupati hata senti. Kundi la pili: acheni roho mbaya, wanatutangaza bure. Mimi nimesoma yote, na nasema makundi yote mawili yanagombania kitu kidogo wakati kikubwa kimelala pembeni. Nitasema ni kipi, ila kwanza tuelewane ni mahali gani tunapazungumzia, maana wengine mnabishana bila kujua.

Disney walifungua bustani yao ya kwanza California mwaka 1955. Ya Florida, karibu na mji wa Orlando, ikafunguliwa 1971, na ikaendelea kuzaa nyingine pembeni yake. Ya nne pale Florida ndiyo hii ya wanyama, Disney's Animal Kingdom, iliyofunguliwa tarehe 22 Aprili 1998. Katikati kuna mti mkubwa wa bandia wenye urefu wa mita 44 hivi, umechongwa wanyama zaidi ya 300, na mifupa yake ya ndani ni chuma cha mtambo wa kuchimbia mafuta baharini. Mti kweli huo! Ukiingia upande wa Afrika unaikuta Harambe, mji wa kubuni wa Afrika Mashariki. Mbunifu wao mkuu, Joe Rohde, alisafiri hadi huku kwetu akatazama, na Harambe wakaitengeneza kwa kuiangalia Lamu. Ndiyo, Lamu ileile iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001. Kuta zimechakazwa makusudi zionekane za zamani. Barabara ya kuangalia wanyama ina makorongo ya matairi kama ya masika, kumbe ni zege. Mibuyu nayo ni ya zege. Wanyama ndio wa kweli: twiga, tembo, simba, viboko. Unapanda gari, unazungushwa dakika kama ishirini kwenye eneo la ekari 110 hivi, unashuka, unaingia dukani.

Sasa Mswahili ukisoma hivyo vibao lazima ucheke kidogo. Harambe wameandika kwa e moja, wakati sisi tunajua ni harambee, na ndiyo neno lililomo kwenye nembo ya taifa la Kenya. Lakini ukutani pale Harambe wameweka maandishi ya Uhuru 1961. Nyie watu wa Historia mnajua 1961 ni ya nani. Kenya ilipata uhuru 1963. Kwa hiyo mji una kaulimbiu ya Kenyatta, sura ya Lamu, na uhuru wa Tanganyika. Shirikisho la Afrika Mashariki tumelihangaikia tangu miaka ya sitini, kumbe wenzetu wameshalikamilisha kwa rangi na brashi!

Haya, kuna njia ya miguu ya kuangalia gorila. Hadi mwaka 2016 njia hiyo iliitwa Pangani. Jamani, Pangani ya Tanga na gorila wapi na wapi? Na ile safari ya magari inaitwa ya Kilimanjaro, ila mlima hauonekani. Nayo hoteli, iliyofunguliwa 2001, ndiyo hiyo Jambo House. Kwetu ukisikia nyumba fulani ina jambo, unavaa kanga unakimbia kuuliza kulikoni. Jambo ni tukio, ni neno, mara nyingine ni balaa. Ndiyo maana tunasalimiana hujambo, na unajibu sijambo. Kule wameondoa hu- na si- wakabakiza jambo lenyewe.

Sasa tuwarudie wale wa kundi la kwanza, la wizi. Nawaelewa. Hata mimi nilipata joto nilipojua kwamba Disney waliomba kusajili maneno Hakuna Matata kama alama yao ya biashara Marekani mwaka 1994, mwaka ileile filamu ya The Lion King ilipotoka, wakakubaliwa 2003. Mwishoni mwa 2018 habari zilisambaa, watu zaidi ya laki moja wakatia sahihi kupinga mtandaoni. Lakini usajili ule ni wa kuuzia nguo, hasa fulana. Haumkatazi bibi yangu hapa Mbesa kusema hakuna matata, wala haumzuii mwanamuziki kuimba. Inakera? Inakera. Ila haijatunyang'anya midomo.

Na tuwe wakweli, huu mtaji wa jambo na hakuna matata nani aliuanzisha? Ni sisi wenyewe. Bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa ilirekodi Jambo Bwana mwaka 1982, na wimbo ule ukawa chakula cha kila hoteli ya pwani, Kenya mpaka Zanzibar. Sisi ndio tuliomzoesha mgeni kwamba Kiswahili ni maneno manne: jambo, karibu, asante, hakuna matata. Mgeni akabeba hayo manne kwenye begi, akaenda nayo kwao, akayajengea hoteli. Sasa tukimkuta nayo tunapiga kelele za mwizi.

Kundi la pili, la wanatutangaza bure. Hapa napo ngojeni kidogo. Wanatangaza nini hasa? Harambe ni mji mzuri kwa macho, sikatai, na aliyepaka zile rangi alijua kazi yake. Lakini ni mji wa kumsubiri mgeni. Kila kitu pale kipo kwa ajili ya mgeni apige picha, ale, apande gari. Miaka ya mwanzo ile safari ya magari ilikuwa na hadithi kabisa, kwamba kuna majangili wameingia porini, na abiria mnasaidia kumuokoa mtoto wa tembo. Baadaye hadithi hiyo wakaiondoa. Lakini fikiria mtoto wa miaka saba wa Ohio: mara ya kwanza kusikia watu wa Afrika Mashariki, anasikia wanyama na jangili. Kwenye The Lion King nako majina yametoka kwetu: Simba, Rafiki, Pumbaa, na fisi mmoja ameitwa Shenzi! Watoto wa Kimarekani wanaliita hilo jina kwa furaha tele, sisi kwetu ukilitamka mbele ya mama unakula kofi.

Kwa hiyo lugha imefika mbali, ila imefika bila wenyewe. Imefika kama mapambo. Kiswahili kinasema karibu, kinauza soda, kinaelekeza ulipo mgahawa, basi. Na watu wengi sana duniani wanalijua neno Harambe kwa sababu ya yule gorila aliyepigwa risasi kwenye bustani ya wanyama ya Cincinnati Mei 2016, baada ya mtoto kutumbukia kwenye uzio wake. Neno la kuvutana pamoja kwenye kazi ngumu limekuwa jina la gorila na la mji wa zege.

Sasa ndiyo nafika kwenye kile kikubwa nilichosema kimelala pembeni.

Tunamlaumu Disney kwamba ametufanya Kiswahili kiwe mapambo. Lakini sisi wenyewe, shuleni kwetu, tumekifanya kiwe kosa. Nani kati yenu hajasoma shule yenye kibao cha kukataza Kiswahili? Shule niliyosoma mimi sitaitaja, ila getini pameandikwa kwa Kiingereza kwamba ukivuka hapa ni Kiingereza tu. Na kulikuwa na kipande cha ubao chenye kamba. Ukikamatwa umeropoka Kiswahili, unavalishwa shingoni, na unatembea nacho mpaka umkamate mwingine. Jioni atakayekutwa nacho anachapwa au anafagia choo. Nilikivaa kidato cha kwanza, wiki ya pili, kwa kosa la kumwambia mwenzangu "nipishe". Neno moja hilo, nipishe, likanifanya nizunguke uwanja mzima nikitafuta mtoto mwingine wa kumtega aseme Kiswahili ili nipate kupumua.

Hebu iweke hiyo pembeni ya zile picha. Kule Florida mtoto wa Kizungu akisema asante, watu wanampigia makofi, mama yake anarekodi video. Huku Ruvuma mtoto akisema asante ndani ya geti la shule anavalishwa ubao. Sasa nani amekidharau Kiswahili zaidi, yule anayekiuza au sisi tunaokifunga kamba shingoni? Mimi jibu langu ninalo, na halinifurahishi.

Msidhani natunga. TP yangu mwaka huu nimeifanyia sekondari moja ya huku mkoani, nafundisha Jiografia na Kiswahili. Mada ikawa utalii. Nikaandaa somo langu vizuri, andalio limekaa sawasawa, kwa Kiingereza kama mtihani unavyotaka. Nikaeleza faida za utalii, fedha za kigeni, ajira. Nikauliza kwa Kiingereza, nani anajua tembo wanapita wapi kipindi cha mavuno? Kimya. Mtu anaangalia dari, mwingine anachora meza. Nikarudia swali lilelile kwa Kiswahili. Mikono kumi na kitu ikapanda juu! Mmoja akaeleza njia yao mpaka mtoni, mwingine akaeleza kwao wanapiga madebe na kuchoma pilipili ili moshi uwafukuze, msichana mmoja akasema baba yake amehamisha shamba mara mbili. Wale watoto walikuwa wanajua kuhusu tembo na watu kuliko kitabu nilichoshika. Waliona tembo kwa macho, bila tiketi, na walikuwa na la kusema. Lugha tuliyowawekea mlangoni ndiyo iliyowanyamazisha.

Na hiyo siyo ajabu kwa wanaojua eneo letu. Upande huu wa Ruvuma, Namtumbo na Tunduru, ndiyo ushoroba wa wanyama kati ya Selous na Niassa ya Msumbiji. Tembo hapa si likizo. Nilimuonyesha mjomba zile picha za Florida, tembo wamesimama kwenye kijani kizuri, watalii wanapita na gari. Akaangalia muda mrefu halafu akaniuliza, "Mjomba, na hao wa kwao usiku hawatoki kwenda kwenye mahindi ya watu?" Nikamwambia hawatoki, kuna mitaro na uzio umefichwa. Akasema, "Basi hao si tembo, hao ni ng'ombe wakubwa." Nimecheka, lakini baadaye nimewaza: hayo maneno ya mjomba ni somo zima la uhifadhi, na hakuna mtihani hata mmoja utakaompa maksi, kwa sababu hakuyasema kwa Kiingereza.

Najua mtakachonijibu, hasa nyie wenzangu wa Kitivo cha Elimu. Mtasema mwalimu, dunia ni Kiingereza. Hao waliokwenda Florida wenyewe walifika kwa Kiingereza, viza wameombea kwa Kiingereza, kazi wamepata kwa Kiingereza. Wazazi wanauza mbuzi ili mtoto aende shule ya Kiingereza. Ni kweli tupu, na mimi sisemi mtoto asijue Kiingereza. Namtakia akijue vizuri kuliko mimi. Ninachosema, ule ubao haujawahi kumfundisha mtu Kiingereza. Unafundisha kunyamaza. Mtoto aliyevalishwa ubao hajifunzi kusema "excuse me", anajifunza kutosema kitu. Baada ya miaka minne anatoka na Kiingereza cha kubahatisha na Kiswahili cha aibu. Kiingereza kifundishwe kama lugha, kwa walimu wanaokijua, vitabu vya hadithi, midahalo, redio. Na utalii, tembo, mvua na damu inavyozunguka mwilini, vielezwe kwa lugha ambayo mtoto anaweza kubishana nayo.

Tena serikali yenyewe haijafunga mlango kabisa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliruhusu Kiswahili kitumike kufundishia ngazi zote, ingawa Kiingereza kiliachwa kiendelee, na mpaka leo mitihani ya masomo mengi ya sekondari ni ya Kiingereza. Mtaala mpya umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na linafundishwa kwa Kiswahili. Novemba 2021 UNESCO wakatangaza kila tarehe 7 Julai iwe siku ya Kiswahili duniani. Siku hiyo tunavaa vitenge, tunasoma ngonjera, viongozi wanahutubia kwamba Kiswahili kimekuwa bidhaa. Tarehe 8 asubuhi tunarudi shuleni, ubao uko palepale na kamba yake.

Sasa tugeukie safari yenyewe, maana najua kuna wanaotamani na sitaki niwaharibie. Kwenda kutembea si dhambi. Lakini tujue hesabu. Mwaka 2025 tiketi ya bei ya chini kabisa ya mtu mzima kuingia pale Animal Kingdom siku moja ilikuwa dola 119, yaani kama laki tatu za kwetu. Baba, mama na watoto wawili, tayari umepita milioni kabla hujala wala kulala, na hiyo hoteli ya Jambo usiku mmoja ni mamia ya dola. Nauli ya ndege sijaigusa. Ada ya kuomba viza ya kutembelea Marekani mwaka 2023 ilipandishwa ikawa dola 185, na ukinyimwa hairudi. Kwa hiyo kwenye mji ulioandikwa kwa lugha yetu, sisi wenye lugha ndio wa mwisho kupata nafasi ya kuingia. Wengi wa Bongo wanaishia Dubai na Abu Dhabi, ambako kuna Ferrari World tangu 2010, na treni yake ya kasi ya kilomita 240 kwa saa ambayo ilipofunguliwa ilikuwa ya kasi kuliko zote duniani. Na Mei 2025 Disney walitangaza kwamba bustani yao itajengwa pale pale Abu Dhabi, kisiwa cha Yas. Ikija kufunguliwa, tutaona wabongo wengi zaidi kwenye foleni. Je, watakuta Kiswahili gani kimeandikwa ukutani? Kilekile cha maneno manne? Hilo litategemea sisi tumekuza nini huku.

Maana kule hawawezi kubuni tusichokuwa nacho. Wao walikuja, wakatazama, wakachukua walichoona tunakionyesha kwa wageni. Kama tungekuwa na vitabu vya sayansi vya Kiswahili vinavyouzwa madukani, filamu za katuni za Kiswahili zinazogombaniwa na watoto, labda yule mbunifu angeondoka na kitu kingine zaidi ya ukuta uliochakaa.

Tena kuna kichekesho kingine. Wale mnaopanda basi la Songea kwenda Dar mnajua, ukishaipita Iringa unaingia Mikumi, na barabara kuu inakatiza ndani ya hifadhi kama kilomita 50. Basi zima linageukia dirishani. Twiga wale! Pundamilia wale! Mpaka konda anasahau chenji za watu. Hiyo ndiyo safari ya wanafunzi wengi wa huku kusini, ya kupitia dirishani, dereva hasimami, na akigonga mnyama faini inamsubiri. Kiingilio cha Mtanzania kuingia hifadhini Mikumi hakifiki hata elfu kumi, ila gari la kukuzungusha ndilo linalotushinda. Nyerere nayo, iliyotangazwa hifadhi ya taifa 2019, ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na wanafunzi wangu wa TP, waliokaa upande wa kusini yake, hakuna hata mmoja aliyewahi kupelekwa na shule. Ekari 110 za Florida zina watoto kila siku. Kwa mwalimu mtarajiwa, hiyo inauma.

Basi msimamo wangu huu hapa, nauweka kwa kifupi ili mnibishie vizuri.

Kwanza, wenye uwezo nendeni, mkaone, mkafurahi. Ila mkiwa chini ya kile kibao, waelezeeni watoto wenu kwa Kiswahili harambee ni nini, kwa nini ina e mbili, na 1961 ni mwaka wa nani. Nyie ndio wageni pekee pale mnaoweza kusoma ukuta mzima. Mtoto aliyezaliwa Marekani akijua kwamba zile herufi ni lugha ya bibi yake, siyo urembo wa hoteli, safari hiyo imelipa kuliko picha ishirini.

Pili, hizi kelele za tumeibiwa tupunguze. Lugha haiibiwi na anayeitumia, inapotea kwa mwenyewe anayeionea aibu.

Tatu, na hili ndilo letu sisi tutakaoajiriwa kesho: tuape hapa hapa. Mwalimu yeyote atakayetoka darasa letu asishike ule ubao. Ukiukuta shuleni, uombe kwa mkuu kwa adabu uondolewe, na kama hawezi, wewe darasani kwako usiutumie. Fundisha Kiingereza kwa bidii kipindi cha Kiingereza. Kwenye somo lako eleza mpaka mtoto aelewe, halafu mpe maneno ya mtihani. Na kila mwaka wapeleke watoto mahali pamoja, hata kama ni karibu. Walio karibu na Songea wana Makumbusho ya Majimaji, pale walipolala mashujaa walionyongwa na Wajerumani Februari 1906. Ule si mji wa zege, na hadithi yake haikutungwa ili gari la watalii lisichoshe. Watoto waende, waulize, wabishane, kwa Kiswahili, bila mtu kuwaandika majina.

Kuna mwenzetu kwenye grupu aliandika usiku, "Sasa ubao ukiondolewa si watoto watapiga kelele tu darasani?" Ndugu yangu, wapige. Mimi nimefundisha darasa lililokaa kimya kwa woga, na nimefundisha lile lililonyoosha mikono kumi na kitu kuhusu tembo. Najua lipi nataka kurudi kulifundisha.

Haya, ngoja niishie hapa, chaji imebaki asilimia nane na mjomba ananiita tukasafishe chini ya mikorosho kabla msimu haujachanganya. Tuombeane matokeo. Tukionana chuoni tutaendelea na ugomvi, na nyie wa kundi la wizi mje na hoja, siyo matusi.